Kombe za Kituo cha Saba

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza chuo kikuu ilikuwa kuchota tope. Nilipomwambia hivyo shangazi yangu aliuliza kama ndiyo niliyoyasomea miaka yote ile. Nikamjibu kwamba kitaalamu hatuliiti tope, tunaliita mashapo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwake yeye mashapo ni yale yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa, ambayo mtu huyamwaga uani bila kuyatazama.

"Wenzio wamekunywa kahawa," alisema, "weye wamekuachia mashapo."

Ghuba yenyewe ni ndogo, iko kaskazini ya Mji Mkongwe, ukishaipita bandari. Maji yakitoka hubaki uwanja wa tope la kijivu uliozungushwa mikoko michache, na katikati yake unapita mtaro mkubwa unaoshusha maji ya mvua kutoka mitaani. Kabla ya kufika baharini mtaro huo umeshapita nyuma ya gereji, nyuma ya mafundi wa betri za magari, nyuma ya wapaka rangi za mashua. Mradi ulionichukua ulitaka kujua metali nzito, yaani risasi, shaba, zinki na jamaa zake, zimejikusanya kiasi gani katika tope lile. Nilipewa ramani yenye vituo kumi, mifuko ya kutilia sampuli, na kijiko kikubwa cha plastiki. Sharti la kwanza lilikuwa moja: chuma kisiguse sampuli, kwa sababu chombo cha chuma kinaweza kuacha metali yake mle na kuharibu kipimo.

Shangazi aliijua ghuba ile kuliko ramani. Kazaliwa Bwejuu, amekulia kuokota kombe, wale chaza wadogo wanaojizika topeni, na alipoolewa mjini alikuja na ujuzi wake. Bamvua likifika, maji yanapotoka mbali, yeye na wanawake wengine sita au saba hufunga kanga viunoni wakaingia topeni na ndoo. Mimi nilikuwa naona tope tupu. Yeye aliona vitundu viwili vidogo vimekaa sambamba, akachomeka panga lake lililokatika nusu, akainua kombe. Mumewe alifariki zamani. Kombe zilikuwa kitoweo cha nyumba yake, na zilizozidi aliziuza mlangoni.

Siku ya kuchukua sampuli alinifuata mwenyewe kituo hadi kituo, akinitania kwamba natembea kama kuku aliyemwagiwa maji. Tulipofika kituo cha saba aliniambia nisichukue pale ramani ilipoonesha, nisogee hatua kama ishirini karibu na mtaro, maana pale ndipo kombe zinapojaa, ndipo wao wanapochimba. Nilisogea. Lilikuwa wazo zuri, hata leo nasema hivyo: kama unataka kujua tope linawafanya nini watu, chukua tope wanaloligusa watu. Tope la pale lilikuwa zito, lina magamba mengi. Nilipokandamiza kijiko kilivunjika mpini.

Sikuwa na cha pili. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Shangazi alinipa panga lake, nikalitazama, nikalikumbuka sharti, nikachota. Pembeni mwa daftari niliandika: kijiko kimevunjika, panga.

Majibu ya maabara yalirudi baada ya miezi miwili. Vituo tisa vilikuwa na hali ya kawaida ya ghuba iliyo karibu na mji, si safi wala si ya kutisha. Kituo cha saba kilikuwa na risasi iliyozidi vingine vyote, na imezidi kwa mbali.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilipokuwa mdogo mwalimu wa chuo cha Kurani alinitoa nje mara mbili kwa maswali, na mama yangu mpaka leo hawezi kuniambia dawa ya kikohozi bila ya mimi kutaka kujua nani alipona na alijuaje kama ni dawa iliyomponya. Nilijivunia tabia hiyo. Basi nilipoyaona majibu ya kituo cha saba nilianza kuuliza. Sampuli moja inathibitisha nini? Maabara haikosei? Labda kipande cha betri kilikuwa pale pale nilipochota, na hatua tatu mbele hakuna kitu. Halafu nikalikumbuka panga.

Msimamizi wangu, mtu mpole mwenye kazi nyingi, alilisoma daftari akaona yale maneno ya pembeni. Aliniuliza swali moja tu.

"Wewe ndiye uliyechota. Unaiamini?"

Panga ni chuma. Kilichozidi kwenye sampuli ilikuwa risasi. Panga linaweza kuacha kutu, haliwezi kuacha risasi ambayo halina. Nililijua hilo wakati ananiuliza, kama ninavyolijua sasa. Lakini nikisema naiamini, ilibidi niseme pia kwamba nilivunja sharti la kwanza la kazi yangu ya kwanza, kisha tuanze upya, turudi topeni, tupime na kombe zenyewe, tuwaambie watu. Nilikuwa nautaka mkataba wa awamu ya pili. Nikasema siiamini. Kituo cha saba kikaingia kwenye ripoti kwa mstari mmoja: sampuli imeachwa kwa sababu ya kuchafuliwa na kifaa.

Nilitoka ofisini nikijiambia kwamba nimekuwa makini. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikilikumbuka. Shaka yangu, ile niliyoitumia kuwasumbua walimu na wazee, safari hii niliitumia kujifichia.

Wiki hiyo hiyo, siku ya Alkhamisi, nilikwenda kwa shangazi mchana. Bintiye, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka miwili, alikuwa amerudi kukaa kwa mama yake. Mumewe anafanya kazi hotelini Kendwa na huja mjini kila baada ya wiki mbili. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minne, na mimba ile ilikataa kila kitu. Akisikia harufu ya samaki anatapika. Nyama ndiyo kabisa. Kitu pekee kilichokaa tumboni ni mchuzi wa kombe wa nazi, mwepesi, wenye ndimu nyingi. Shangazi alikuwa akiingia topeni kwa ajili yake kila maji yaliporuhusu.

Nilikuta sinia liko mkekani. Wali, mchuzi, kachumbari. Nilisalimu, shangazi akaniitika marahaba yake ndefu, akanisogezea maji ya kunawa. Binamu yangu alikuwa ameshaanza. Alikuwa akizitoa kombe kwenye mchuzi moja moja na kuzila kwanza, wali baadaye, kama anayeogopa kunyang'anywa. Uso wake uliokonda ulikuwa umepata rangi.

Mikono yangu ilikuwa tayari imeshanyooshwa ili nimiminiwe maji. Nikairudisha.

"Nimefunga, shangazi," nilisema.

Sikuwa nimefunga. Asubuhi ile nilikunywa chai na mkate wa boflo kwenye baraza ya Mkunazini mbele ya watu. Lakini Alkhamisi watu hufunga sunna, na lilikuwa jambo la kwanza lililonijia mdomoni. Hakuna anayemlazimisha aliyefunga. Hakuna anayemuuliza kwa nini hali.

Binamu yangu aliacha kutafuna. "Weye? Tangu lini umekuwa ostadhi?"

Shangazi alimkemea. Alisema moyo wa mtu anaujua Mungu, na kwamba yeye siku zote alijua maswali yangu yataniishia siku moja nikatulia. Macho yake yalilowa. Akasema ataniwekea futari, nisiende mikono mitupu. Nilikaa pale karibu saa nzima nikiwatazama wakila. Nilizungumza habari za Kendwa, za bei za hoteli, za kipupwe kilichochelewa. Binamu alimaliza bakuli akaomba jengine, na mama yake akamwongeza kwa furaha ya mtu aliyehangaika wiki nyingi kumtafutia mtoto chakula kinachokaa.

Ningeweza kusema pale. Sentensi moja ingetosha: msile hizi mpaka nihakikishe. Nilikuwa na sababu zangu na zote zilikuwa na sura ya busara. Nitamtisha mjamzito bure. Nitaivunja riziki ya wanawake saba kwa sampuli moja. Nani kaniambia kwamba risasi iliyo topeni imeingia kwenye kombe? Maswali mazuri kabisa. Ila mtu aliyekuwa na shaka ya kweli angekula. Mimi sikula.

Niliondoka na kontena la plastiki lenye mchuzi wa moto, limefungwa kwa kitambaa. Njiani kuelekea Kiponda kuna jaa la taka pembeni ya kichochoro. Niliumwaga mchuzi pale. Paka wanne walitoka wasikojulikana, na nikajikuta nimesimama nikiwafukuza, napiga mguu chini, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita akanitazama kwa mshangao. Nikaufunika mchuzi kwa maboksi. Nilihakikisha paka hawali.

Nilirudi nyumbani na nikafunga kweli siku iliyofuata. Sikumwambia mtu. Sijui nilidhani nalipa nini.

Baada ya hapo niliacha kwenda kwa shangazi. Nilimtumia salamu kwa simu. Alinijibu kwa sauti zilizorekodiwa, ndefu, zenye dua, akinieleza kwamba bintiye sasa anakula vizuri, ameanza kunenepa mashavu, na kwamba amewaeleza majirani wote namna nilivyobadilika. Nilikuwa nikizisikiliza nusu, nikazima.

Wiki ya sita baada ya Alkhamisi ile mradi ulitaka matokeo yapelekwe kwa wananchi. Mkutano ulifanywa uwanjani mbele ya ofisi ya sheha wa mtaa, asubuhi, chini ya turubai. Msimamizi aliniambia nizungumze mimi kwa sababu watu wa pale wananijua. Shangazi alikuja na wenzake wote, wamevaa mabuibui ya kutokea, wakakaa safu ya mbele. Nilisoma kwamba hali ya ghuba kwa ujumla inaridhisha. Nilipofika kwenye risasi mwanamke mmoja aliinua mkono akauliza ni risasi za bunduki ya nani, maana yeye kachimba pale miaka ishirini hajaokota hata ganda lake. Watu wakacheka. Nikacheka nao. Ilikuwa nafasi yangu ya kueleza kwamba risasi hii haiokotwi, haionekani, haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Nikaiacha ipite na kicheko.

Kisha shangazi akasimama. Alisimama kwa fahari, kama mzazi kwenye mahafali.

"Na kule kwetu nilikokuonesha, mwanangu? Kule umepata nini?"

Nilisema sampuli ya kule iliharibika. Akauliza imeharibikaje. Msimamizi alikuwa ameketi kulia kwangu, ripoti mkononi. Nikasema iliharibika kwa panga, chuma hakitakiwi kugusa tope. Wenzake walimgeukia. Mmoja alimwambia kwa utani kwamba kumbe ndiye aliyewaangusha mtihani. Shangazi aliketi pole pole akajifunika mdomo kwa ncha ya buibui.

Siku mbili baadaye, asubuhi, alikuja kwetu. Sijazoea kumuona kwetu. Miguu inamuuma na ngazi zetu ni za kizamani, zimesimama wima. Nilimsikia akibisha hodi chini, nikaitika naam, nikashuka mbio. Alikuwa na mfuko. Alikataa kupanda, akakaa kwenye ngazi ya tatu, akatoa kata mpya, kifuu kimesuguliwa mpaka kinang'aa, mpini wa mti umeingizwa bila msumari hata mmoja.

Alinieleza kwamba hajalala vizuri tangu mkutano. Kazi yangu ya kwanza, na yeye ndiye aliyeniharibia kwa panga lake. Amemwendea mtu anayejua kuchonga, akamwambia hataki chuma wala gundi. Keshokutwa ni bamvua. Tutakwenda wote, atanionesha pale pale, nichukue tena, niwapelekee wakubwa zangu waone kwamba kule hakuna baya.

"Nisamehe, baba," alisema. "Sikujua."

Nilikaa ngazi ya chini yake. Nilimwambia yote, na sikuyapanga vizuri. Nilianza na panga, kwamba panga halikuharibu kitu. Hakunielewa, akadhani namliwaza. Nikamwambia risasi niliyoitaja si ya bunduki, ni ile ya chubwi, ile wavuvi wanayoyeyusha kutoka kwenye betri kuukuu kutia uzito mshipi wa kuvulia. Hiyo aliijua. Nikasema imo kwenye tope la pale, nyingi, imeyeyuka haionekani, na kombe huenda zinainywa. Na kwamba haimfai mtu yeyote, ila aliye tumboni ndiye inayemdhuru zaidi.

Alikuwa ameishika kata kwa mikono miwili. Aliuliza nimejua lini. Nikamwambia: kabla ya ile Alkhamisi.

Mtu alipita na baiskeli, akamsalimia, shangazi akaitika. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kama anayehesabu kitu:

"Kwa hivyo siku ile hukufunga."

Nilisema sikufunga.

"Ulikaa ukamtazama anakula."

Alisimama, akaushika ukuta, akaniinulia mkono nilipotaka kumsaidia, si kwa ukali, kama unavyomzuia mtu asikuguse kwa sababu umejimwagia mafuta. Kata aliichukua. Mfuko aliuacha.

Jioni ile aliwapitia wenzake mlango kwa mlango. Sikuwepo, nimeambiwa na mama yangu. Hakunitaja jina, alisema tu habari imetoka kwa wanaojua. Wawili walimwamini. Wengine walisema mkutano mzima uliambiwa hali inaridhisha, sasa yeye anatoka wapi na hadithi yake, au anataka pale abakie peke yake? Wenye kumwambia hivyo walikuwa wanayarudia maneno yangu. Niliporudi kwa msimamizi na kumwambia kituo cha saba nakiamini, na kwa nini, hakufoka. Alitazama dirishani, akasema ripoti imeshapelekwa, tutaandika nyongeza, na tutakwenda kupima upya, tope na kombe. Tulikwenda bamvua lile lile. Wanawake wanne walikuwa wanachimba, hatua chache kutoka nilipoinama na kijiko changu kipya. Niliwaeleza mmoja mmoja. Mmoja akaniambia nichague lipi la kweli, la mkutanoni au la leo.

Binamu yangu alinipigia simu mwenyewe. Hakunitukana, ningefarijika angenitukana. Alitaka niende naye kliniki, kwa sababu mama yake hataweza kueleza na yeye hayajui majina ya vitu hivyo. Tulikwenda asubuhi ya Jumatatu. Alikaa upande wa pili wa benchi, mkono tumboni. Tangu siku ile hajala kombe, na kutapika kumerudi. Mashavu yale yaliyosifiwa kwenye simu yalikuwa yameshaanza kupotea. Wakati tunasubiri aliniuliza jambo moja: mtoto atakuwa na nini? Nilianza kusema kwamba inategemea kiasi, inategemea muda, kwamba hatujui kama kombe zenyewe zina kiasi gani, kwamba pengine hakuna kitu kabisa. Akanikatiza.

"Sikuulizi wanayosema wale wa chuo kikuu," alisema. "Nnakuuliza weye."

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akageukia mlango.

Mkunga alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Nilimweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, akasema kipimo cha risasi katika damu hapo hawana, watachukua damu waitume bara, na itachukua muda. Mpaka ninapoandika haya majibu hayajarudi. Alimuuliza binamu yangu amezila kwa muda gani, mara ngapi kwa wiki, bakuli kubwa au dogo. Binamu alijibu yote kwa utulivu. Kisha mkunga akavaa miwani akauliza habari yenyewe ilijulikana lini.

"Muulize yeye," alisema binamu.

Nilitaja siku yalipofika majibu ya maabara. Mkunga aliandika kwenye kadi ya kliniki.

"Na huyu mama mjamzito kaambiwa lini?"

Nilitaja siku hiyo pia. Aliiandika chini ya ile ya kwanza, akazitazama zote mbili, akanitazama mimi. Aliniomba nisubiri nje ampime.